Nilivyoitumia Biodiversity Heritage Library kuchora lebo ya pweza

"Mwanangu, mbona pweza wetu ameshavunda?"

Mama Mwenyekiti aliishika lebo kwa ncha za vidole viwili, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akanirudishia. Aliuliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifokea. Lebo ile nilikuwa nimeikeshea siku nne. Nilikuwa nimeiwekea rangi ya kahawia kama ya kitabu kilicholala kabatini miaka mia, pweza mkubwa aliyechorwa kwa mkono, na herufi kama za makopo ya zamani. Mimi niliona ukale wenye heshima. Yeye, aliyekaa na pweza tangu utotoni, aliona chakula kilichopitwa na siku zake.

Nimefanya kazi ya udizaina Dar es Salaam kwa miaka kumi na miwili. Nimetengeneza lebo za asali, za unga wa lishe, za sabuni ya mwani. Kikundi cha akina mama hawa ni cha kisiwa cha Mafia, wanakausha pweza na kumfunga kwenye pakiti za karatasi, na walikuja kwangu wakitaka kitu "cha kizamani, cha heshima." Hapo ndipo nilipoanza kuitumia kwa bidii Biodiversity Heritage Library, ambayo wengi huifupisha BHL. Leo ni mwaka mzima karibu kila siku ninaifungua, na sijaona mtu aliyeieleza kwa Kiswahili, kwa hiyo naieleza mimi, nikiwalenga zaidi madizaina wenzangu.

Ni maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya elimu ya viumbe. Samaki, ndege, mimea, wadudu, makombe ya baharini, vyote vimo. Ilianza mwaka 2006, pale maktaba kadhaa za makumbusho na za bustani za mimea zilipokubaliana kuskani vitabu vyao na kuviacha wazi kwa yeyote. Sasa ina kurasa zaidi ya milioni 60. Hulipi, hujisajili, wala huombwi barua pepe. Na kwa sababu wataalamu wa viumbe wa zamani hawakuwa na kamera, vitabu hivyo vimejaa michoro. Kuna michoro zaidi ya 300,000 iliyokwishachambuliwa na kuwekwa kwenye ukurasa wao wa Flickr, mtandao wa kuhifadhi picha, kitabu kwa kitabu, hivyo hata ukiwa huna mpango wa kusoma neno moja la Kilatini unaweza kupitisha usiku mzima ukitazama tu.

Mimi nilianzia kwa Haeckel, kama wanavyoanzia wengi. Ernst Haeckel alikuwa mtaalamu wa viumbe wa Ujerumani, na kazi yake Kunstformen der Natur ilitoka kwa mafungu kati ya 1899 na 1904, ikiwa na picha 100 za ukurasa mzima. Yeye alichora, na fundi wa mji wa Jena, Adolf Giltsch, akaihamishia michoro kwenye mawe ya kuchapia. Wasanifu waliifurahia tangu ikiwa mbichi. Mfaransa René Binet alitazama michoro ya Haeckel ya vijidudu vya baharini vyenye mifupa kama kamba za kufuma, akasanifu kwa kuifuata lango kuu la Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900. Nilipolijua hilo nilijisikia nimepata ndugu wa mbali: mtu mwenye kazi ya kumtafutia mteja umbo, kaenda kulitafuta baharini.

Lazima niseme na hili. Haeckel huyohuyo aliandika vitabu vilivyowapanga watu kwa ngazi, na Waafrika akatuweka kwenye ngazi za chini. Siku niliyosoma hayo nilifunga laptopu nikatoka nje kunywa maji. Niliirudia kazi yake kwa sababu mkono wa Giltsch una cha kunifundisha, lakini nilipowaonyesha akina mama picha zile niliwaeleza pia ni za nani na aliamini nini. Mmoja wao akaguna, akasema, "Basi tumchukulie pweza, yeye tumwachie mawazo yake." Tukaendelea.

Pweza yupo kwenye picha namba 54, pamoja na ngisi na jamaa zake wengine. Wote wamepangwa kwa ulinganifu, upande wa kulia ukijibizana na wa kushoto, mikono imejikunja kama mashina ya mtambaa. Kwa jicho la kawaida vivuli vinaonekana vimepakwa kwa brashi. Nikakuza. Asilimia mia mbili, mia nne. Vivuli vikapotea! Zilibaki nukta. Penye giza zimesongamana hadi zinagusana, penye mwanga zimeachana, na juu kabisa ya kichwa, pale mwili unapong'aa kwa majimaji, hakuna kitu ila karatasi tupu.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipobadilisha kazi yangu. Uchapaji wa jiwe ulibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790. Fundi anachora kwa chaki au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa tambarare. Jiwe likilowanishwa, maji yanakaa pale pasipo mafuta. Ukipitisha wino, nao una mafuta, unashika kwenye mchoro peke yake, na kwingine kote maji yanaukataa. Kila rangi inataka jiwe lake. Kwa hiyo fundi hana kijivu: ana wino au hana wino, na kila wepesi na uzito wa kivuli lazima autengeneze kwa ukubwa wa nukta na nafasi baina yake.

Sasa fikiria pakiti ya karatasi ya kaki inayochapwa kwa skrini, rangi moja au mbili, kwa sababu kikundi hakina fedha ya rangi nne. Hiyo ni hali ileile ya Giltsch! Tuna wino au hatuna. Miaka yote nilikuwa natengeneza vivuli laini kwenye kompyuta, halafu nashangaa vikifika kwa mpiga chapa vinageuka madoa. Mchoro wa nukta unafika kwenye kaki kama ulivyotoka, kwa sababu tangu mwanzo ulichorwa kwa ajili ya mashine isiyojua kijivu.

Lakini kwenye ile lebo ya kwanza nilikuwa sijalielewa hilo vizuri. Nilimpenda pweza wa picha ya 54, nikampakua pamoja na ukurasa wake wote, na ule umanjano wa karatasi iliyozeeka nikauacha. Nikaukoleza, hata. Nikaongeza vidoa na mikunjo ya bandia. Juu ya karatasi ya kaki, kahawia juu ya kahawia, pweza akawa kama kitu kilichosahauliwa chini ya meza. Wapiga chapa hawana kosa, walichapa nilichowapelekea. Kitabu kile kilipotoka hakikuwa cha kahawia. Karatasi yake ilikuwa safi na wino wake mpya, na fundi angeshangaa kuona mtu anaiga uchakavu akidhani ndiyo kazi yake.

"Na tena," Mama Mwenyekiti akasema siku ileile, akimnyooshea kidole pweza wangu, "huyu hakai hivi. Huyu kakaa kama ua la kitambaa cha meza. Njoo bamvua."

Nikaenda. Basi hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni, na asubuhi ya pili maji yalipokauka tukatembea kwenye miamba, wao mbele na fimbo zao, mimi nyuma na madaftari ndani ya mfuko wa plastiki. Wao huona tundu pale ambapo mimi naona jiwe. Saa nne asubuhi pweza wa kwanza alikuwa ndani ya karai mbele yangu, bado anabadilika rangi, mara kahawia iliyokoza, mara anapauka na kufanya vipele.

Nilikaa naye saa tatu. Vikombe vyake vya kung'ang'ania vipo safu mbili kwenye kila mkono, vikubwa vikiwa karibu na mdomo, vikipungua hadi nchani vikawa kama punje za uwele. Mikono haijikunji kwa ulinganifu. Mmoja unavuta, mwingine umelegea, wa tatu umepita chini ya wa nne. Na chini ya jicho, pale mikono inapoanzia, kila upande kuna doa jeusi la duara kama jicho la pili. Mama mmoja kijana akaligusa na kuniambia, "Usimsahaulie hili. Huyu ndiye wa kwetu." Nilipopata mtandao niliangalia: ndilo alama ya Octopus cyanea, pweza anayevuliwa sana kwenye miamba yetu. Pweza wa Haeckel alikuwa mwingine. Laiti ningempeleka sokoni na ile lebo, kila mvuvi wa pwani angejua kwamba aliyeichora hajawahi kumtazama pweza.

Nilimchora upya kwa kalamu ya wino, nukta kwa nukta, nikimtazama yeye kwa umbo na nikimkumbuka Giltsch kwa mkono.

Niliporudi Dar niliifungua maktaba kwa jicho jingine, nikawa nawatafuta wachoraji waliokaa na kiumbe wenyewe. Ndipo nikakutana na kitabu ambacho kila dizaina wa pwani hii anapaswa kukiona: The Fishes of Zanzibar, kilichochapwa London, na jalada lake lina mwaka 1866. Kiliandikwa na Lambert Playfair, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, pamoja na Albert Günther wa British Museum. Ni miaka ileile ambayo Sultani Majid alikuwa ameanza kuijenga Dar es Salaam. Michoro ni ya George Henry Ford, aliyekulia Afrika Kusini kabla ya kwenda kuchora London. Samaki wake wamelazwa ubavu, kichwa kushoto, hakuna mawimbi wala mwani wa kupamba. Magamba yamefuatana safu kwa safu, kila moja na ukingo wake na kivuli chake. Miiba ya mapezi unaweza kuihesabu. Ndani ya kitabu hicho ndimo kipepeo mmoja wa manjano, mwenye doa jeusi ubavuni, alimopewa jina la kitaalamu la Chaetodon zanzibarensis. Wapiga mbizi bado wanakutana naye kwenye matumbawe yetu.

Nilimwita baba yangu aje aone. Yeye ni mtu wa Tanga, amekula samaki miaka sabini. Aliinama juu ya kioo cha laptopu akawa anawataja mmoja mmoja kwa sauti ya chini, bila kusoma maandishi. Sijawahi kuona kazi yangu yoyote ikimfanya mtu azungumze na picha namna ile.

Kwa upande wa pili kabisa kuna Louis Renard, kitabu cha Amsterdam cha mwaka 1719, samaki na kaa wa visiwa vya Indonesia, picha 460. Hao wamepakwa rangi kwa mkono bila woga, mistari ya buluu, mabaka ya waridi, wengine wana nyuso kama za watu, na mwishoni yumo hadi nguva mwenye kiwiliwili cha mwanamke. Mtaalamu atatikisa kichwa. Mimi nilichukua humo mpangilio wa rangi mbili tatu kwa ajili ya kazi ya duka la nguo za watoto, na mteja aliukubali mara moja. Kwa hiyo msiwaendee walio sahihi tu.

Mambo ya matumizi sasa. Mfumo wote ni wa Kiingereza, na utafutaji unaitikia vizuri zaidi majina ya kitaalamu kuliko ya kawaida. Ukiandika changu hupati kitu, ukiandika Lethrinus unapata. Tasi ni Siganus, pono ni Scarus, chewa ni Epinephelus. Tengeneza orodha yako mapema ukutani, mimi ninayo. Kizuri ni kwamba mfumo wenyewe umesoma kurasa na kuyatambua majina ya viumbe, hivyo ukibonyeza jina la kiumbe unaletewa kila kitabu kinachomtaja.

Bando: usipakue kitabu kizima. Faili la kitabu chenye picha ni zito, na ukiwa na bando la siku litakwisha kabla hujala. Fungua ukurasa unaoutaka, pakua huo mmoja, kwa ukubwa wake wote. Picha nyingi nilizochukua zimetosha kuchapwa ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi bila kuvunjika. Ukitaka kuigeuza vekta, yaani mchoro wa mistari usiovunjika hata ukiukuza, ondoa kwanza rangi ya karatasi, ibakie nyeusi na nyeupe, halafu programu iifuatishe. Ukiianza na umanjano wake utapata vipande elfu vya uchafu.

Haki miliki ndiyo wengi huniuliza. Vitabu vya karne ya 19 na nyuma yake kwa kawaida havina tena mwenye haki, na unaweza kuvitumia hata kwa biashara. Lakini si kila kitu humo ni cha zamani. Vipo vilivyowekwa kwa ruhusa ya wenyewe, na leseni yake inakataza biashara. Kila kitabu kina mstari unaoeleza haki zake. Usome kabla ya kupakua, maana lebo ya pweza ni biashara, na mteja wako ndiye atakayeulizwa. Mimi pia huandika jina la mchoraji na la kitabu kwenye faili la kazi, hata pale sheria isipodai. Kuna picha nyingi za kale zinazozunguka mitandaoni bila jina wala mwaka, kopi ya kopi. Hapa unajua ukurasa, kitabu na mara nyingi jina la fundi, na ukitaka kuona kazi zake nyingine unazipata.

Haitamfaa kila mtu. Anayetafuta matangazo ya zamani, mabango ya sinema, herufi za vibao vya maduka, hatavikuta. Hii ni maktaba ya viumbe. Kwa vitu hivyo mimi hurudi kwenye sanduku la mama.

Na huko ndiko lebo ilikomalizikia. Nilikuwa na pweza mzuri lakini sina pa kumweka. Fremu zote nilizojaribu zilikuwa za makopo ya Ulaya. Siku moja nikatandaza kitandani kisutu cha mama, kanga yake ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nikaona nimekuwa nikitafuta mbali. Kanga ni mpangilio uliokamilika: pindo linazunguka, mji upo katikati, jina lipo chini yake. Imechapwa kwa rangi chache, inasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara, na wafanyabiashara wake walijua kuweka alama. Zipo kanga za Mombasa ambazo hadi leo zina maandishi madogo ukingoni, "K.H.E. Mali ya Abdulla", na mnunuzi huyatafuta kabla ya kutoa fedha.

Basi pweza nikamweka mjini. Pindo nikalitengeneza kwa vikombe vyake vya mikononi, safu mbili, vikubwa pembeni vikipungua kuelekea kati. Rangi mbili, nyeusi na nyekundu iliyoiva, juu ya kaki tupu. Kwenye jina nikaandika methali nzima: Kula uhondo kwataka matendo, asiye matendo hula uvundo.

Mama Mwenyekiti aliisoma simuni, nikiwa nimemtumia picha. Akanipigia. "Mwanangu, uvundo tena?" Nikasikia wenzake wanacheka nyuma. "Kata hapo kwenye matendo. Atakayenunua anajua kinachofuata."

Nikakata. Tulichapa lebo mia tano za kwanza, na safari hii aliishika kwa kiganja kizima. Alihesabu mikono, akatafuta doa chini ya jicho, akalikuta.

Naipa maktaba hii nyota tano. Wiki hii kikundi kimeomba lebo ya changu wa kukausha. Kwenye kioo nimefungua ukurasa mmoja wa Ford, magamba yake nimeyakuza hadi yanajaza kioo, na kando ya laptopu kuna beseni la barafu lenye changu niliyemnunua soko la samaki la Feri alfajiri. Macho yake bado yanang'aa, kwa hiyo naacha kuandika nianze kuchora.